Kamera ya Mlangoni Hainijui

Jumatatu, 3 Juni
Mafunzo ya utafiti yameanza. Wanafunzi wengine wako kwao likizo, wamejilalia. Sisi tunaifundisha kompyuta kuona. Nilidhani nitaunda macho ya roboti. Kumbe kazi ni kuchora visanduku kuzunguka nyuso za watu kwenye picha. Uso, kisanduku. Uso, kisanduku. Hadi jioni. Daktari, mhadhiri anayetusimamia, anasema mwishoni atamchagua mmoja wetu aingie kwenye timu yake ya utafiti. Huyo mmoja ni mimi. Wenzangu hawajajua tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepewa kamera ya mlangoni, ile itakayotambua nani kaingia na kuandika mahudhurio. Kila asubuhi inampiga mtu picha na kuiweka kwenye faili lake, ili izidi kumzoea. Nikacheka moyoni. Nyumbani yupo mtoto wa mama mkubwa, tunalala chumba kimoja. Tunamwita Taratibu, maana hata chai huinywa kama anayesoma mkataba. Alikosa nafasi ya chuo, yupoyupo tu. Pua zetu ni za ukoo mmoja. Nimetia picha zake kwenye faili langu, nikamweleza kwamba kuniwakilisha ni heshima kubwa. Akauliza huko atafanya nini. Nikamwambia apite mlangoni, akae nyuma, asisumbue watu.

Ijumaa, 14 Juni
Mambo safi. Nalala hadi jua linichome. Mahudhurio yangu hayana doa! Kero ni Taratibu. Badala ya kutoroka mapema anarudi jioni, mdomo umejaa: eti kamera inawakosea watu wakisimama kivulini, eti picha za asubuhi zina mwanga wake. Mezani wote wanamsikiliza. Mama mkubwa anamwongezea mboga. Mama yangu akaniuliza mbona mimi sina la kusimulia. Nikamjibu utafiti ni siri.

Alhamisi, 27 Juni
Kesho tunaonyesha kazi mbele ya wageni. Nimepiga shati pasi. Nimemwambia Taratibu abaki nyumbani. Akakubali, ila akasema nionane kwanza na Daktari. Nikamuuliza kwa lipi. Akainama kufunga kamba za viatu, na hiyo kwake ni safari. Wivu umemjaa huyu.

Ijumaa, 28 Juni
Mkono mzito kuandika. Nilifika mlangoni kifua mbele, wageni nyuma yangu. Kamera ikawaka taa nyekundu: HATAMBULIKI. Nikarudi nyuma, nikatabasamu. HATAMBULIKI. Nikageuza shavu. Nyekundu tena. Wenzangu wakatazama viatu vyao. Daktari akaja, akanivuta pembeni. Nikamwambia kifaa kimeharibika.

"Hakijaharibika," akasema. "Kimemjua anayekuja."

Kumbe ana habari zote! Siku ya pili tu Taratibu alimtajia jina lake halisi, akaomba ajifunze hivyohivyo, hata bila cheti. Daktari akanyamaza, akisubiri nije niseme mwenyewe. Alisema ningekuja wiki yoyote, angenipokea. Kisha akampigia simu Taratibu. Akaja na shati lenye makunyanzi. Taa ikawaka kijani, kioo cha kamera kikaandika jina langu, wageni wakapiga makofi. Akaeleza mambo ya kivuli na mwanga, polepole, na hakuna aliyepiga miayo. Nafasi kwenye timu amepewa yeye. Mimi nimeondolewa.

Mama hakunigombeza. Alinipakulia chakula, akaenda kukaa karibu na dada yake. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 1 Julai
Taratibu ametoka mapema. Kabla ya kutoka aliniambia Daktari yuko tayari kunirudisha, nianze upya kwenye visanduku, na kwamba yeye atanisindikiza hadi mlangoni. Kiburi gani hiki! Nikajifanya nimelala.

Baadaye nimekaa nikatafakari nilipokosea, na nimepaona. Nilichagua mtu mwenye hamu ya kusoma. Muhula ukifunguliwa, kamera hizo zitafungwa kwenye kumbi zote za mihadhara. Kinyozi wa mtaani kwetu ana taya kama langu, na kitabu hajakigusa tangu aache shule. Kesho naenda kunyoa.