Mkono Wangu na Wapagazi wa Bi Mwamvita

Jumatatu, 14 Julai

Kazi nimeipata! Bi Mwamvita anafungua mgahawa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, Jumapili hii. Anataka msafara wa zamani uchorwe ukutani: wapagazi wakitoka Tabora kwenda Ujiji, mizigo kichwani, kila mmoja na sura yake. Hadi vidole vya miguu vionekane. Ukuta wa kulia ni wangu. Wa kushoto kampa Dionis, kijana wa Itetemia. Atakayemfurahisha zaidi atapewa ukuta wa nje, unaotazama barabara. Mji mzima unapita pale! Ukuta huo ni wangu. Dionis hajui tu.

Nimechora tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri bila kuinua mkono. Dionis je? Wapagazi wawili watatu, anaweka brashi chini, anakung'uta mkono, anatanua vidole kama bibi harusi anayekausha hina. Mpini wa brashi kauzungushia kitambaa uwe mnene, eti asiubane sana. Nimecheka mpaka nikakosea pua ya mpagazi.

Jumanne, 15 Julai

Nimeamka mkono umejikunja kana kwamba bado umeshika brashi. Vifungo vya shati vimenishinda. Nimemwambia mke wangu Shamila kuwa mashati yamepitwa na wakati, nikavaa kanzu. Shamila ni fundi cherehani. Akasema yeye kila akimaliza kipande husimama, akanyoosha vidole, ndiyo maana vifungo vyake anafunga mwenyewe.

Kazini Dionis kanisalimia kwa adabu, kisha: "Kaka, pumzisha mkono kabla haujauma. Ukishauma umechelewa."

Ujanja huo! Anataka nibaki nyuma. Nami nikabuni mpango. Kama anapenda kupumzika, nimpumzishe mpaka Jumapili. Nimempelekea chai, mihogo ya kuchoma na habari ndefu ya talaka ya binamu yangu. Kasikiliza yote, kikombe cha moto kakikumbatia kwa viganja viwili. Mwishoni akanishukuru: joto la kikombe limemlegeza vidole vizuri sana. Hadi jioni kanizidi wapagazi. Na kanzu yangu ina madoa ya kijani.

Jumatano, 16 Julai

Kiganja kinawaka. Vidole vina ganzi. Mchana nimekula ugali kwa kijiko mbele ya mama mkwe. Akaniuliza kama nataka na uma.

Nimesikia kuna mtu Urambo aliumwa na nyuki mkononi, maumivu yote yakakimbia. Na sisi Tabora nyuki ni wa kumwaga! Nikaenda kwa mfuga nyuki mmoja Itetemia, nikaomba nyuki mmoja, mpole. Akaniuliza mara ya pili, asali? Nikasema nyuki. Akanionyesha mzinga kwa kidole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nyuki hawaji mmoja mmoja. Hilo sasa nalijua.

Alhamisi, 17 Julai

Mkono umekuwa glovu ya bondia. Maumivu ya zamani siyasikii tena, maana haya mapya yameyafunika.

Wapagazi wamebaki wengi. Nikawaza. Nyasi! Nani alisema porini hapakuwa na nyasi? Nikaanza kuchora nyasi ndefu, hadi shingoni mwa wapagazi. Vidole vya miguu, kwaherini. Lakini nyasi nazo huchorwa unyasi mmoja mmoja. Mateso yaleyale! Basi, vumbi. Nikachovya tambara kwenye rangi ya udongo, nikapaka ukuta kwa kiwiko. Kufumba na kufumbua, msafara umekamilika. Fundi ni fundi!

Bi Mwamvita akaja kukagua. Akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Twalibu, wapagazi wangu wako wapi?"

"Wamo, Bi Mwamvita. Vumbi likitulia wataonekana."

"Na litatulia lini?"

Swali gumu. Nikaomba ruhusa nikaswali.

Ijumaa, 18 Julai

Shamila kanipeleka kwa daktari. Daktari akanipa penseli niishike kama kazini, kwa huo mkono uliovimba. Akasema naishika kama namkaba kuku. Mkono wa kulia upumzike kabisa mpaka upone. Baada ya hapo nishike kwa ulegevu, nisimame mara kwa mara, ninyooshe vidole polepole, na ganzi ikirudi nami nirudi kwake. Kila neno Shamila anaitikia "eheee!" kama yuko kwenye mawaidha. Nikauliza kama hakuna sindano ya kumaliza haya yote leo leo. Hakuna.

Jumapili, 20 Julai

Mgahawa umefunguliwa. Watu wanapanga foleni kupiga picha mbele ya ukuta wa Dionis. Kila mpagazi ana sura yake. Mmoja anafanana na mimi, na ndiye mwenye mzigo mzito kuliko wote. Ukuta wa nje kapewa yeye. Wangu nao umepata kazi: Bi Mwamvita katundika televisheni katikati ya vumbi.

Baadaye Dionis akanivuta pembeni. Akasema ukuta wa nje tuuchore wote wawili, mkono wangu ukipona. Atangoja. Nikamwambia nitafikiria. Machozi yakanilenga. Nikasingizia pilipili.

Jumatatu, 21 Julai

Mambo yamenyooka! Mkulima mmoja wa Urambo, Raymundi, jana alikaa chini ya televisheni, akazisifu nyasi zangu zinazochungulia kwenye vumbi. Anataka ukuta wa sebule yake ujae shamba la tumbaku, jani kwa jani, na mishipa yake yote. Nimemwahidi kuumaliza kwa siku moja. Dionis kanisihi niende taratibu. Wivu tu.

Daktari kaukataza mkono wa kulia. Wa kushoto hakuutaja hata kidogo! Nimeanza nao mazoezi tangu alfajiri, jani baada ya jani, bila kuuinua. Kidole gumba kimeanza kuwaka moto.

Dalili nzuri. Kinakomaa.