Saddam Haijui Njia ya Endebess

Jumatatu, 21 Januari 1991

Vita vya Ghuba vimefika Kitale. Si vita vyenyewe. Kelele zake.

Asubuhi Bwana Nderitu, meneja wetu, alitukusanya mbele ya banda la abiria. Redio yake mkononi, uso kama wa mtu aliyefiwa. Akasema watu wa Saddam wanaweza kulipua ndege popote duniani. Popote, akarudia, akiangalia ng'ombe wa jirani.

Niandike wazi, maana siku moja wajukuu watasoma. Kiwanja chetu ni nyasi za shamba la Lindfield, nje ya Kitale, njia ya Endebess. Ndege ni moja, ndogo, ya kwenda Nairobi na kurudi. Kuna banda lenye benchi mbili, stoo ya mafuta, na mizani. Mizani ni yangu. Mimi, Eliakim Wakhungu, napima mizigo na abiria wenyewe, ndege isije ikashindwa kupaa. Adui wetu tangu nianze kazi amekuwa mbuzi.

Nikauliza kwa heshima kama Saddam anaijua njia ya Endebess. Lori la mbolea lenyewe hupotea! Watu wakacheka. Bwana Nderitu hakucheka. Akasema kuanzia kesho kila abiria atakaguliwa, na kutakuwa na Ofisa wa Usalama. Nikanyoosha kola. Nani mwingine mwenye kidato cha pili?

Akamtaja Kimaiyo.

Kimaiyo! Mlinzi wa lango! Mtu aliyewahi kuibiwa lango lenyewe akiwa zamu! Amepewa kofia, filimbi, na ruhusa ya kunywa chai ofisini. Leo sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo tu.

Jumanne, 22 Januari

Ukaguzi umeanza. Mungu atusaidie.

Bi Wacera, mwalimu mstaafu, amenyang'anywa sindano za kufumia sweta. Ati anaweza kumdunga rubani. Bi Wacera akauliza, akishamdunga rubani nani ataendesha, yeye? Kimaiyo akasema hilo si swali la usalama. Padre mmoja amenyang'anywa nanasi. Sababu: lina umbo la guruneti. Chupa ya chai ya mama mmoja ilifunguliwa, ikanuswa, ikanywewa yote ili kuthibitisha. Ikathibitika. Kisha Kimaiyo akataka kuthibitisha mandazi pia.

Abiria wamechoka. Mkulima mmoja wa mahindi alisema gaidi akiiona foleni hii atapanda basi. Mwingine akasema haya yote ni ya kututia woga tusiulize bei ya sukari. Hata Kipsang, rubani wetu, amepapaswa mifukoni kabla ya kuingia kwenye ndege yake mwenyewe. Alikutwa na peremende. Zilithibitishwa.

Lakini nimeona jambo. Kimaiyo anakagua watu tu, hasa wenye chakula. Chini ya benchi hatazami kamwe. Mtu anaweza kuacha chochote pale.

Wazo limenijia nikiwa nimesimama juu ya mizani yangu mwenyewe.

Jumatano, 23 Januari

Mpango ni huu. Mfuko wenye kitu kinacholia tik-tik, chini ya benchi. Kimaiyo apite bila kuona. Mimi niugundue mbele ya Bwana Nderitu, nipige ukelele. Kofia ihame kichwa. Rahisi!

Nimechukua saa ya kengele ya Agneta, mke wangu. Yeye ni nesi, zamu yake ya alfajiri, na saa hiyo aliletewa na mama yake siku ya harusi. Nimemwambia imeenda kwa fundi. Mifuko yangu yote inajulikana kiwanjani, kwa hivyo nimechukua ule wake wa gunia, wenye kuku aliyetariziwa kwa nyuzi nyekundu. Hapa hakuna anayeujua.

Nikauweka. Nikangoja Bwana Nderitu. Nikaambiwa ameenda mjini, mkutano wa usalama. Siku nzima!

Na Kimaiyo? Aliegesha kikombe juu ya mfuko. Saa ya mchana akauvuta, akaulalia. Sikio juu ya saa! Alipoamka alisema ameota yuko kwenye posho mill ya kwao, inasaga vizuri sana.

Nilikasirika hadi nikamwandikia abiria mmoja uzito wa mizigo yake badala ya wake. Alishukuru.

Alhamisi, 24 Januari

Agneta amechelewa kazini. Kwa sababu ya fundi, anasema. Nimemlaani fundi pamoja naye.

Bwana Nderitu yuko. Nikauhamisha mfuko mpaka mlangoni, mahali ambapo hata kipofu angejikwaa. Nikashusha pumzi. Nikafungua mdomo. Kimaiyo akajikwaa! Akauokota, akaurudisha chini ya benchi, akanigombeza mbele ya bosi kwamba naacha mizigo ya watu ikizagaa. Bwana Nderitu akakubaliana naye.

Nikasema, sikilizeni basi, kuna kitu kinalia! Wakasikiliza. Kimaiyo akasema ni nyenje. Bwana Nderitu akainamisha kichwa, akasema ndiyo, nyenje, kiangazi hiki wamezidi.

Hawa ndio wanatulinda na Saddam.

Jioni, balaa kubwa zaidi. Agneta amefurahi, anaimba. Kaka yake, Wabwile, amemkatia mama yao tikiti ya kwenda Nairobi kutibiwa macho. Anapanda ndege kesho. Ndege yetu!

Mama Wilkista wa Malakisi. Mama mkwe wangu. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi. Na kazi yangu ni kumpandisha mtu kwenye mizani na kusoma kilo zake kwa sauti! Ukoo utasema nini?

Nikakimbia kwa Bwana Nderitu kuomba ruhusa. Akasema wakati wa vita hakuna ruhusa. Nikamwendea Kimaiyo, basi. Anisaidie mizani, mimi nijifiche stoo ya mafuta. Alikubali, kwa sharti kwamba nimpigie saluti.

Nimempigia. Mara mbili, maana ya kwanza alisema haikunyooka.

Ijumaa, 25 Januari

Naandika yote, hata ya aibu.

Nilijifungia stoo mapema. Kupitia ufa wa mbao nikasikia Mama Wilkista akifika, akisalimia kila mtu. Nikasikia Kimaiyo akimpandisha kwenye mizani. Nikasikia akitangaza kilo zake kama dalali wa mnada wa ng'ombe. Niliziba masikio. Nilichelewa. Sasa najua, na siwezi kusahau.

Kwa kuwa Kimaiyo alikuwa kwenye mizani, hakuna aliyekagua chochote. Mama akaketi kwenye benchi, mguu wake ukagusa kitu. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vyake vilimtambua kuku. Alimtarizi yeye mwenyewe!

Nikamsikia akisema, "Kumbe hii ni ya Agneta wangu. Huyu bwana yake ameisahau. Kitu hajawahi kusahau ni kula tu."

Mfuko! Nilikuwa nimeusahau kabisa! Nilitaka kutoka mbio. Lakini nitoke vipi na yeye yuko pale? Nikabaki nimeng'ang'ania pipa la mafuta. Akaupakata, akaingia nao kwenye ndege. Huko ndani, nadhani, akaipapasa saa, akazungusha kitu nyuma.

KRIIIING!

Kipsang ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka. Kisha abiria, wengine kupitia mlango, mmoja sijui kupitia wapi. Bwana Nderitu alilala kifudifudi kwenye vumbi na redio yake. Kimaiyo alipuliza filimbi kutoka ndani ya mtaro, bila kuinua kichwa. Kisha Bwana Nderitu akatambaa mpaka ofisini, akapiga simu polisi. Nilimsikia akisema gaidi ni mwanamke, amekataa kushuka.

Kweli alikuwa amekataa. Aliambiwa kiti ni chake, akakaa. Alikuwa akiwaambia ni saa tu, ni saa tu, jameni. Hakuna aliyemsikia kwa sababu ya filimbi.

Polisi wangekuja na bunduki. Mama mzee, macho hayaoni, hajui kuinua mikono. Nikavua koti, nikajifunika kichwa, nikatoka stoo nikitembea kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga bawa la ndege.

Siwezi kusema na mama mkwe. Kwa hiyo niliongea na bawa.

"Wewe bawa," nikasema, "mwambie mama ashuke. Polisi wanakuja."

Alikuwa ameitambua sauti. Kisha: "Bawa, muulize huyo mtu saa ya binti yangu inatafuta nini hapa."

"Bawa, mwambie ni hadithi ndefu."

"Bawa, mwambie mimi niko na wakati. Hii ndege si imekataa kwenda? Sitelemki mpaka nielezwe."

Nikaeleza. Ningefanya nini? Niliambia bawa kila kitu: kofia, benchi, fundi wa uongo, kwamba nilitaka tu kuonyesha ukaguzi wenyewe ni bure. Nilieleza kwa sauti kubwa, maana kengele ilikuwa bado inalia. Kisha ikakatika, ghafla, na mimi nikaendelea kwa sauti ile ile: kwamba Bwana Nderitu hawezi kutofautisha bomu na nyenje.

Nilipoinua pindo la koti niliona viatu. Vya Bwana Nderitu. Nyuma yake, vya abiria wote.

Mama akaupitisha mfuko mlangoni bila kutoa uso, nikaupokea bila kugeuka. Kimaiyo, ambaye sasa alikuwa shujaa, akaninyang'anya saa, akakimbia nayo mpaka josho la ng'ombe, akaitumbukiza. Kwa usalama, bana! Watu wakampigia makofi! Saa ambayo kila mtu alishajua ni saa! Polisi walipofika walimpa mkono, wakanywa chai, wakaondoka.

Ndege ikapaa baadaye, mama ndani. Kabla ya mlango kufungwa aliagiza bawa liniambie nipeleke kondoo Malakisi wa kuondoa aibu hii. Na asiwe mwembamba kama yule wa Krismasi.

Jumamosi, 26 Januari

Agneta alifunga nguo, akaenda kwa dada yake Bungoma. Mezani aliacha ugali wa jana na mfuko wa kuku, mtupu, umekunjwa vizuri sana. Ule ukunjaji ndio ulionitisha.

Nyumba ni kimya. Nimejaribu kuchemsha chai. Sufuria imeungua.

Jumapili, 27 Januari

Nimeenda Bungoma kumfuata. Nimemkuta nje ya kanisa na dada yake na shemeji. Habari zilitangulia. Mama mmoja akanieleza, mimi mwenyewe, kwamba Kitale wamekamata Waarabu ndani ya pipa la mafuta.

Shemeji akacheka. Akasema hakuna kitu, hizo ni porojo za wakubwa ili watu waogope, Kitale hakujatokea lolote.

Sijui nini kilinipata. Mimi, ambaye wiki nzima nimesema ni porojo! Nikasema kulitokea! Watu walilala chini! Nilikuwepo! Shemeji akasema hata mimi nimeshaogopeshwa. Nikapandisha sauti, nikaapa kulikuwa na kishindo, nikaongeza moshi kidogo. Waumini wakaanza kukusanyika. Agneta akanivuta mkono.

Tukasimama pembeni, kwenye ukuta wa kanisa. Alisema saa si kitu, saa zinanunuliwa. Kilichomuuma ni kwamba alichelewa kazini, na mgonjwa mmoja mzee alikuwa amemngoja tangu alfajiri ambadilishie dawa ya kidonda, kwa sababu hamwamini nesi mwingine. Na mimi nilikaa kitandani nikimlaani fundi ambaye hayupo.

Nilimwambia nimekosa. Nadhani ni mara ya kwanza kulitamka neno hilo bila kuongeza lakini.

Tumerudi pamoja. Sharti: saa mpya, kondoo mnene, na mipango iishe kabisa. Nimeapa. Nimeapa karibu na kanisa, kwa hiyo ni kiapo kikubwa.

Jumanne, 29 Januari

Kimaiyo amekuwa Ofisa Mkuu wa Usalama. Ana buti. Mkuu wa nani, sijui, yuko peke yake.

Mimi sikufukuzwa. Bwana Nderitu alisema wakati wa vita hafukuzi mtu anayejua mizani. Lakini napima asubuhi tu. Mchana nafukuza mbuzi, na nikimwona Kimaiyo napiga saluti. Hiyo imewekwa kuwa kanuni. Leo amenyang'anya mtoto mpira. Unadunda, alisema, hauaminiki. Hakuna aliyepinga. Hata Bi Wacera, aliyekuja kudai sindano zake, aliondoka mikono mitupu.

Nimeamua kuwa mtu mpya. Kazi, nyumbani, kanisa. Nimemwambia Agneta hivyo asubuhi na akaniongezea chai.

Mchana huu Bwana Nderitu amesema redio imetangaza kwamba huko Ulaya viwanja vya ndege vina mbwa wa kunusa baruti. Akasikitika hatuna. Akasema angepatikana mtu mwenye mbwa wa namna hiyo, huyo ndiye angekuwa juu ya usalama wote, hata juu ya Kimaiyo.

Basi. Binamu yangu wa Kabuchai ana mbwa. Anaitwa Simba. Ni kweli anaogopa jogoo, na hajawahi kunusa kitu kisicho mfupa. Lakini Bwana Nderitu hajui, na Kimaiyo hawezi kumthibitisha kwa kumnywa. Nikipaka kipande cha nyama kwenye mfuko wa abiria mmoja tu, mmoja, wa majaribio, Simba atabweka, na nani atabisha?

Agneta nimemwambia naenda Kabuchai kutafuta kondoo wa mama. Si uongo. Nitaangalia na kondoo.

Naondoka kesho na kamba.