Malalamiko Kuhusu Kumtibu Mkasi Kabla Akidi Haijatimia

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Afya ya Akili.

Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,

YAH: HARAKA YENU ISIYO NA ADABU

Natumaini barua hii itawakuta wazima na mkiwa mmekaa, maana ni ndefu kidogo. Sisi huku hatujambo. Tena hatujambo kupita kiasi, na hilo ndilo tunalolilalamikia.

Mimi ni Katibu wa Kikao cha Familia, na pia ni mshonaji wa cherehani ya tatu kutoka mlangoni katika karakana yetu ya sare za shule. Mwenyekiti, ambaye ni baba yetu mkubwa, ameniagiza niwaandikie kwa ukali. Mimi nimeongeza adabu kidogo, kwa kuwa ndimi nitakayepishana nanyi barabarani.

Kwa faida yenu, familia yetu haiamui jambo bila vikao vitatu. Cha kwanza ni kulisikia, cha pili kulijadili, cha tatu kuliamua. Ndivyo tulivyoezeka paa la karakana, ingawa mvua ilitunyeshea misimu miwili tukiwa bado kikao cha pili. Yote yamo kwenye daftari ninaloandika mimi.

Sasa basi. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka ishirini na mbili, ndiye mkataji wetu wa vitambaa. Tunamwita Mkasi. Miezi kadhaa iliyopita alianza kukosa usingizi. Akawa anazima redio ya karakana, eti mtangazaji anamsema. Kisha akaanza kula peke yake, mgongo ukutani. Asubuhi moja tukakuta mashati sitini yaliyokuwa tayari kupelekwa shuleni hayana kifungo hata kimoja. Vifungo vyote vilikuwa kwenye ndoo ya maji, vimefunikwa kwa sinia, na Mkasi kaketi juu ya sinia akitetemeka. Alituambia vilikuwa vinamtazama na kunong'onezana. Sitawaficha, Mheshimiwa, kifungo kina matundu manne, na tangu siku hiyo hata mimi huwa navigeuza kifudifudi nikila.

Siku ya kumi na tisa tangu redio izimwe, alikuwa kwenu. Kumi na tisa! Malalamiko yetu ni haya:

1. Mmemtibu bila akidi. Kikao cha kwanza kilikuwa kimeitishwa kabisa, ila Shangazi alikuwa safarini, na bila Shangazi hakuna akidi. Muuguzi wenu mwenye miwani alipoelezwa hivyo alisema ugonjwa huu, unaoitwa skizofrenia, hausubiri Shangazi. Alisema kila mwezi unaopita bila tiba unairefusha njia ya kurudi. Mwenyekiti alikuja juu sana. Alisema yeye hajawahi kuharakishwa na mtu, hata siku ya harusi yake, na hilo ni kweli kwa sababu nilikuwepo na tulingoja mpaka wapishi wakaondoka.

2. Mmetuharibia utafutaji wa mkosaji. Kila mtu alikuwa na wake. Mwenyekiti alisema ni ukaidi. Mjomba alisema ni kusoma sana, ingawa Mkasi hasomi chochote isipokuwa futi ya kupimia. Shangazi, kwa simu kutoka huko safarini, alikwisha kumpata fundi wa jirani na kijicho chake, na alikuwa na ugomvi wa kututosha mwaka mzima. Muuguzi wenu akaja, akakaa kwenye kigoda, akatuambia hakuna aliyemfanyia mtu kitu. Hivi sasa fundi yule anatuazima uzi na kutuuliza hali ya mgonjwa. Ugomvi wote ule umekwenda bure, loh!

Halafu kuna Mama. Mama alikuwa anajilaumu yeye mwenyewe, kimyakimya, kwa utaratibu mzuri tu. Muuguzi wenu alimshika mkono akamwambia mara mbili kuwa si kosa lake. Mama akalia mpaka leso ikalowa, kisha akalala mchana kutwa kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo. Mama ameacha kujilaumu bila idhini ya kikao chochote.

3. Dawa zenu zimefanya kazi. Mwanzoni tulipata matumaini kwamba hazitafaa. Mkasi alikuwa akisinzia juu ya meza ya kukatia na kula chakula cha watu wawili, hata Mwenyekiti akaitisha kikao ili atangaze kuwa alijua tangu mwanzo. Kumbe kabla hatujaketi mlikwisha kumsikiliza mgonjwa na kupunguza dozi! Mwezi wa nne akarudi kazini nusu siku. Mwezi wa sita, siku nzima. Mwenyewe anasema sauti hazijaisha zote. Siku nyingine zinakuja, naye anaziacha zipige domo huko kama redio ya jirani, anaendelea kukata. Dawa anameza kila siku bila kukumbushwa, na kwenye miadi yenu hafiki akiwa amechelewa, jambo ambalo katika ukoo wetu halijapata kuonekana.

Mngeishia hapo, tungesamehe. Lakini katika kile kikundi chenu cha Alhamisi mmemfundisha kusema lililo moyoni mwake. Wiki iliyopita alisema mbele ya washonaji wote kuwa Mwenyekiti amekuwa akikata kola vibaya kwa miaka ishirini na kutupa shubiri nzima ya kitambaa. Tukapima. Ni kweli. Hapo hapo akatoa hoja kwamba vikao vitatu vipunguzwe kibaki kimoja. Mama aliunga mkono. Mwenyekiti ametia ngumu na hajala nasi siku tatu, analetewa sahani chumbani, na inarudi tupu.

4. Muuguzi wenu aliuliza kuhusu mlango usiomhusu. Alikuja kutufundisha dalili za ugonjwa kurudi, ili tuwahi zikianza. Akipita ukumbini akasikia mtu anaimba chini chini kwenye chumba cha nyuma. Akauliza ni nani yule.

Ni Dada, mkubwa wetu. Katika daftari yeye ni Ajenda Namba Mbili, chini ya Yatokanayo. Alianza vile vile: usingizi, redio, mgongo ukutani. Kikao cha kwanza kilichukua miaka miwili. Cha pili hakijafungwa. Jumla ni miaka tisa jambo lake limewekwa kiporo, na Dada huko chumbani anafungua uzi kutoka kwenye kibiringo na kuukunja upya, rangi kwa rangi, kutwa. Huyu ndiye aliyekuwa akishona magauni ya maharusi, watu wanatoka mitaa ya mbali. Ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa akinicheka nikiulamba uzi mpaka unalowa wote.

Muuguzi alianza kusema, kama Dada angekuja mapema kama alivyokuja Mkasi... Kisha akavua miwani akaifuta. Akasema kuchelewa tumechelewa, lakini wakati haujapita, na wapo waliokuja kwenu baada ya miaka mingi wakapata nafuu ya kweli. Nilikuwa naandika kumbukumbu, na hapo kuna nafasi tupu ya mistari mitatu. Nimeagizwa niandike kwamba tulikasirika. Haya, tulikasirika.

Mwenyekiti anasema Mkasi akipata nafuu kwa miezi, watu wataanza kuuliza miaka tisa ya Dada tulikuwa tunafanya nini. Hilo, Mheshimiwa, ndilo kosa lenu kubwa kuliko yote. Mmetufanya tuulizwe.

Kwa hiyo tunaomba kwa heshima zote:

(a) Mkasi arudishwe nyuma kwenye foleni na apone taratibu, amalizie mwakani, Shangazi akiwa ametulia mahali pamoja.

(b) Hoja yake ya kikao kimoja ihesabiwe kuwa dalili. Mwenyekiti amesisitiza hili, na mimi nimemwandikia alivyosisitiza.

(c) Dada asipokelewe kwenu kwa namna yoyote kabla ya kikao cha tatu. Asipokelewe hata akija mwenyewe kwa miguu yake, saa mbili asubuhi mnapofungua, akiwa na gauni la bluu.

Wasalimieni muuguzi mwenye miwani, mama wa mapokezi, na mlinzi wa getini aliyemwita Mkasi "fundi" siku ile ambayo sisi wengine tulikuwa hatujui tumwite nani. Wasalimieni pia wote wa Alhamisi. Mama anawasalimu sana. Shangazi angewasalimu, lakini yuko safarini.

Ni mimi, katika kungoja akidi,

Katibu wa Kikao cha Familia

N.B. Hayo juu ni ya Mwenyekiti. Haya ni yangu, na hayamo kwenye daftari.

Mimi ndiye niliyemleta Mkasi siku ile ya kumi na tisa. Nyumbani niliaga kwamba tunakwenda kununua zipu. Nilikuwa nimefungua daftari niandike "Ajenda Namba Tatu", nikaiona Namba Mbili juu yake, mwandiko wangu mwenyewe wa miaka tisa iliyopita, wino umefifia. Nililia kwa hasira, nikaenda kumshika Mkasi mkono. Zipu sikununua mpaka leo.

Mtu aliyewakabidhi barua hii ni Dada. Sikumdanganya. Nilimwambia anakokwenda na kwa nini, akaweka kibiringo chini, akasema atakwenda kama ana kazi ya kufanya njiani, hawezi kufika kwa watu mikono mitupu. Kazi niliyompa ni kuleta barua hii. Mkasi yuko naye. Vifungo vya lile gauni la bluu, Mkasi ndiye aliyemshonea asubuhi hii, kimoja kimoja, na Dada amevikagua vyote na kusema cha tatu kimelegea.

Nimemwambia asiondoke mpaka apate jibu. Naomba msimjibu upesi. Mkaribisheni ndani, mpeni kiti karibu na dirisha, muulizeni habari za magauni. Kikao cha kuamua aje kwenu kilikuwa kimoja, dakika kumi, kwenye meza ya kukatia: Dada, Mkasi na mimi. Tulipiga kura tukiwa watatu, na Dada ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.