Wakili kwa Jina la Wifi

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu kidogo, kisha jua la kuudhi.

Nimeamua. Naachana naye. Miaka kumi na tisa nimevumilia sebule iliyojaa maiti za redio, ila leo basi! Nimekaa kwenye cherehani yangu ya umeme nianze majoho ya kwaya. Nakanyaga pedali: kimya. Nachungulia nyuma: mota hakuna. Mume wangu, fundi wa redio na wa kila kitu chenye waya, ameing'oa akaitia kwenye feni ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nimejuaje? Nimepita pale nikaisikia. Mlio wa mota yangu naujua. Inapuliza vipara vya wanaume wa watu!

Sikumwambia neno. Nimeifunika cherehani kwa kitambaa cha maua na kununa. Ukimya wangu atausikia tu.

Jioni amekula akasifu mboga, akaongeza. Hajausikia.

Majoho yanatakiwa Jumapili asubuhi.

Jumanne, tarehe 10 Juni. Upepo. Vumbi hadi kwenye sukari.

Jirani wa mlango wa kushoto ameachika mara mbili na anazo habari zote. Amesema wakili huchaguliwa kama tikiti maji, unagonga kwanza unasikiliza. Mjini wapo watatu wa mambo ya ndoa. Nitawagonga wote.

Tatizo ni siri. Simu yangu hushinda mezani kwa mume wangu, kwa kuwa tundu la chaji limelegea na yeye ndiye anayejua kulibana kwa mpira. Wakili akipiga, atapokea yeye! Nimelifikiria hili wakati naosha vyombo na nimepata jawabu. Nitatumia jina la wifi, dada yake, na namba ya wifi. Ndoa yake ni tulivu mno, hakuna atakayemshuku. Mpango safi kabisa.

Wakili wa kwanza ana ofisi juu ya duka la magodoro. Mzee, miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Akauliza kama mume ananipiga. Hapana. Analewa? Hapana. Amenitelekeza? Yupo nyumbani kutwa, ndiyo shida yenyewe. Sasa bibie, akasema, huyu mtu amekosa nini? Nikamweleza habari ya mota. Akavua miwani, akavaa ile ya pili, akanitazama vizuri. Akauliza kama nimemwambia mwenyewe airudishe. Swali la kitoto! Nikamjibu kwamba ningetaka kuongea na mume wangu nisingetafuta wakili. Akasimama akanifungulia mlango.

Huyu ni tikiti bovu.

Njiani nimejiuliza, wakili akimpigia wifi, mimi nitapataje habari? Nitalitazama baadaye.

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Joto. Shati limeganda mgongoni kabla ya saa tatu.

Wakili wa pili wanamwita Mama Wakili. Korido nzima ni wanawake. Kwenye benchi kila mmoja alikuwa na kisa cha kutoa machozi: huyu kafukuzwa mvua ikinyesha, yule mume kamhamishia mke mwenza chumba cha pili. Wakanigeukia. Dada, wako kafanya nini? Nikaona aibu kusema feni. Nikatikisa kichwa tu. Wakanipisha nitangulie.

Ndani nimeongeza chumvi kidogo. Nimesema kuna mwanamke, kila usiku mume wangu amelala huku anaisikiliza sauti yake. Ni kweli! Mtangazaji wa taarifa ya habari. Hilo la utangazaji sikulitaja, sikuulizwa. Nimesema pia ana vitu anavyonificha, maana mwanamume anayeng'oa mota ataacha kitu gani? Mama Wakili aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Akasema tulia mwanangu, huyo tutamshika. Karani wake atampigia mume kesho kumwita ofisini.

Huyu ndiye! Tikiti jekundu!

Nimefika nyumbani nacheka peke yangu. Mume wangu akauliza kicheko cha nini. Nikakumbuka kwamba nimenuna.

Ijumaa, tarehe 13 Juni. Mvua kubwa asubuhi. Ningepaswa kuelewa.

Karani amepiga. Amepiga namba niliyoiandikisha, yaani ya wifi, na simu ikapokewa na shemeji, mume wa wifi. Akaambiwa mke wake anadai talaka, mambo yake yote yanajulikana, ya mwanamke na ya vilivyofichwa.

Saa sita wifi yuko sebuleni kwangu, amekaa juu ya spika, analia. Wifi yangu jamani, nani ananichukia hivi? Nikamshika bega nikasema watu wabaya, wifi, dunia imeharibika. Mume wangu akaacha kazi yake, akamchemshia dada yake chai, akasema mwenye kufanya mchezo huo hana mshipa wa haya. Akanitazama nimuunge mkono. Nikamuunga mkono. Chai ikanipalia.

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Anga safi. Kwa wengine.

Shemeji amekiri! Hana mwanamke, lakini usiku kucha hakulala, na alfajiri kayatapika mwenyewe: alinunua kiwanja kimyakimya mwaka juzi. Alidhani ndicho kilichogunduliwa. Sasa kinaandikwa kwa majina yao wote wawili, na wifi amemchukua Mama Wakili asimamie. Wakili wangu! Nimezunguka na jua mimi, kiwanja kapata yeye!

Nikakimbilia kwa Mama Wakili nimweleze kwamba mteja halisi ni mimi. Akaweka kalamu chini. Akasema kumbe ni wewe. Akasema nishukuru kwamba wifi wangu ana furaha leo, vinginevyo ningetafuta wakili wa jinai. Karani alinisindikiza hadi ngazini, na benchi zima likanisonya.

Nyumbani mume wangu alikuwa akinisubiri mlangoni. Suala la dada yake limemtisha. Akauliza, mke wangu, kuna kitu unataka hujaniambia? Sema tu. Nikakaza midomo. Midomo ikashindwa. Mota! Nikapiga kelele hadi jirani wa kushoto akazima redio yake asikie vizuri.

Akashangaa. Akasema aliona cherehani imefunikwa kwa kitambaa cha maua, akadhani nimepumzika kushona. Nikamwambia kitambaa nilikiweka baada ya mota kutoka. Akafikiria, akasema basi hapo kweli amekosa. Akachukua bisibisi, akavuka barabara. Kinyozi akabaki na mteja nusu kanyolewa, wote wawili wanavuja jasho. Robo saa baadaye cherehani inanguruma. Ameitia na grisi, inakwenda kuliko zamani.

Amekaa kunikatia nyuzi. Mikono yake mizuri kwa kazi ndogondogo, hilo silikatai. Nimeghairi kumwacha.

Jumapili, tarehe 15 Juni. Baridi kidogo, jua la upole.

Kwaya imevaa. Wawili wa sauti ya nne wameimba na pini mabegani, ila kwa mbali hazionekani. Mume wangu alinong'ona kwamba majoho yamependeza kuliko nyimbo.

Jioni nataka kupiga pasi. Pasi haina waya! Nimechungulia sebuleni: waya wangu uko kwenye redio ya mchungaji.

Sikumwambia neno. Pasi nimeifunika kwa taulo.

Amebaki wakili wa tatu, nyuma ya posta. Kesho asubuhi niko kwake. Safari hii natumia jina la mama mkwe, na namba yake. Ni mjane miaka sita sasa, hakuna mume wa kupokea simu. Nimelipitia mara mbili, halina kasoro.

Nazima taa, ni saa nne na nusu. Usingizi utanichukua kabla ya saa tano, kwa raha.