Oili Nyekundu ya Gracjan

Katika mji wote wa Piła hakuna anayejua oili za magari kama mimi. Yaani, ukiwaondoa mafundi, madereva, na kila aliyewahi kumiliki gari. Chombo cha mwisho nilichoendesha mimi kilikuwa toroli la viazi. Lakini Gracjan Pyrka namjua, na kumjua Gracjan ni shule tosha.

Gracjan alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki mwavuli. Mwezi wa tatu alipita kwenye ghala la chama cha wakulima kilichovunjika, akakuta pipa la oili ya matrekta limekaa pale miaka kumi na tisa, hakuna aliyeliulizia habari. Mtu mwingine angeona uchafu. Gracjan aliona Jumapili.

Maana Jumapili ya pili ya kila mwezi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, watu wa Piła hushindana kwa magari. Si magari ya mashindano, hata kidogo. Ni yaleyale yanayowapeleka kazini Jumatatu. Asubuhi hushusha kiti cha mtoto, tairi la akiba na gunia la vitunguu alilolisahau mke, wakavaa kofia ngumu, na mhasibu mpole akageuka chui. Na wote wana ugonjwa mmoja: kila mtu anaamini kwamba anayemshinda hamshindi kwa kuendesha, bali kwa kile alichomimina kwenye injini. Wa kwanza akifungua boneti, shingo ishirini zinarefuka.

Basi Gracjan akaichuja ile oili kwa soksi ndefu za mkewe, Mungu amrehemu aliyezifuma, akaitia rangi nyekundu ya kutengenezea mishumaa ya makaburini, akaijaza kwenye chupa zisizo na jina. Kila chupa akaiandika namba kwa mkono. Chupa yenye jina watu huipangia bei. Isiyo na jina hunong'onezana habari zake.

"Hii haiuzwi," alimwambia Daktari Bolek, mng'oa meno, huku akiificha chupa kwa upande mmoja tu. "Inatoka karakana moja ya Ufini. Nina shemeji kule. Akijulikana, kazi hana."

"Chupa moja tu, bwana Gracjan."

"Daktari, nimekwambia haiuzwi."

"Basi nipe nne zisizouzwa."

Hivyo ndivyo chupa zilivyoanza kutembea. Ila hakuna aliyethubutu kumimina. Kila mtu alingoja kwanza aone Lucyna Wrona atamimina nini.

Lucyna alikuwa msambaza mikate. Kila siku saa kumi na moja alfajiri kigari chake cha kijivu, kihonda, kilitoka kwenye tanuri kupeleka mikate maduka kumi na manne, na Jumapili, viti vikiwa bado na unga, kiliwaacha wanaume wote nyuma. Gracjan alimfuata kwenye duka mojawapo wiki moja kabla, akampa chupa ya bure aionje kwa macho, akamwahidi nyingine nne za bure akizimimina mbele za watu.

"Sikiliza, kaka yangu," Lucyna alimwambia. "Gari langu linawashwa kwenye barafu, halafu Jumapili nalikamua mpaka linalia. Likifa, mikate haiendi, na mimi siendi popote. Oili gani inaweza kazi zote mbili?"

Hapo Gracjan alijisahau. Alikuwa na gari, Lancia yake nyekundu, kuukuu, aliyoipenda kuliko ndugu zake, na mada hii ilimkoroga damu.

"Iwe nyepesi penye baridi, ifike kila kona ya injini mara tu unapowasha," alisema. "Lakini ikichemka isiwe kama maji. Ijaze mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia, maana kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja, na pampu ikabaki inanyonya hewa. Na uibadilishe mapema, dada. Usingoje kitabu cha gari. Kitabu hakijui ulikokuwa Jumapili."

Ulikuwa ukweli mtupu, kitu ambacho Gracjan hakuwa na mazoea nacho.

Jumapili ikafika. Gracjan alikuja na ovaroli jeupe na masanduku mawili ya chupa. Jumamosi yake yote aliitumia chini ya Lancia, akiitia oili bora kuliko zote mjini, aliyoiagiza kwa heshima zote. Lucyna naye alikuja, akapaki kando ya Lancia, akatoa beseni jipya la kukandia unga. Shingo zikarefuka.

"Ndugu zangu," Gracjan alisema, "mimi si mtu wa maneno." Watu wakacheka. "Lancia yangu hii mwaka mzima haijaonja oili nyingine. Lakini msinisikilize mimi. Mtazameni dada Lucyna."

"Mimi wananijua," Lucyna alisema. "Nikishinda, watasema ni mikono yangu. Wewe kila mwezi unashika mkia. Ukipanda hata nafasi moja leo, nani atabisha tena? Tuanze na lako."

"Dada, mimi leo nimekuja tu kusaidia..."

"Anasema kweli huyu mama," Daktari Bolek alisema, na tayari alikuwa na jeki mkononi.

Ilikuwa hoja nzuri mno. Gracjan mwenyewe angeiuza. Kabla hajapata jibu, Lancia ilikuwa juu, Lucyna yuko chini yake, nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, imefunguka. Oili ikashuka kwenye beseni, safi kama asali.

"Mbona si nyekundu?" aliuliza Daktari Bolek.

"Rangi hupotea kwa joto."

"Na mwaka mzima imebaki safi hivi?"

"Daktari," alisema Gracjan kwa upole wa padri, "sasa umeanza kuelewa."

Watu wakashusha pumzi. Wawili wakatoa pochi hapohapo. Gracjan alikaribia kujiamini mwenyewe, na huo kwa mtu wa kazi yake ni ulevi hatari.

"Na hii kuukuu utaifanyia nini?" Lucyna aliuliza, beseni likiwa kifuani.

Angejibu nini? Nani hulilia oili ya mwaka mzima?

"Tupa tu."

"Dhambi. Yangu nimeimwaga nyumbani, gari limevutwa na jirani kwa kamba mpaka hapa. Mimi maskini nitaridhika na makombo yako."

Akafunika faneli kwa kitambaa safi, akaimimina yote kwenye kihonda. Gracjan aliitazama ikishuka kama mtu anayeiona suti yake imevaliwa na mwingine harusini. Daktari Bolek, kwa wema wa moyo, akaijaza Lancia chupa nne nyekundu.

"Haya, washa, bwana."

Gracjan akaingia, akashika ufunguo. Akaisikia harufu ya ghala. Akakanyaga klachi mara mbili, akakunja uso.

"Klachi imekatika," alisema. "Leo siku yangu si yangu."

Akaenda pembeni na simu kuita gari la kuvuta, akizungumza ndani ya kiganja. Aliporudi, Lucyna alikuwa anafunga kofia yake ngumu.

"Ile chupa yako niliilaza kwenye friza," alimnong'oneza, "kando ya pierogi, vile vimandazi vya kuchemsha vya viazi. Asubuhi nikavigeuza vyote juu chini. Pierogi tu ndizo zilizosogea."

"Kwa nini hukusema mbele za watu?"

"Ningesema, oili nzuri ningeipata wapi?"

Akaenda. Kihonda kikazunguka koni na matairi ya zamani kikiimba, kona baada ya kona, kikamaliza sekunde nne mbele ya wote. Na umati, badala ya kumfuata Lucyna, ukamvamia Gracjan.

"Oili iliyotumika mwaka mzima, na bado imeshinda!"

"Mimi sita."

"Niwekee, nimefika kwanza!"

Gracjan, ambaye dakika kumi kabla alikuwa anapanga kuhama mji, akahisi damu inarudi. Akapanda juu ya sanduku, chupa mkononi.

"Taratibu, zipo za wote," alisema. "Na msitishike na Lancia. Ni klachi tu. Oili iliyomo ni ileile ya mwaka mzima, na isingekuwa klachi, ningeiwasha sasa hivi mbele ya macho yenu nikaenda nayo mpaka Ufini."

Nyuma ya umati gari la kuvuta likasimama. Mzee Kazik akashuka, mnyororo begani. Mtu ambaye kwa sababu ya masikio yake mazito huzungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Nani mwenye Lancia?" aliuliza. "Aliyeniambia niiburute hivyohivyo, mtu asiwashe injini hata sekunde moja, kuna takataka ya matrekta ndani?"

Daktari Bolek aliitazama chupa yake. Watu wote walizitazama zao. Kisha walimtazama Gracjan, naye juu ya sanduku akageuka nyuma, akatafuta kwa makini kama kuna Lancia nyingine.