Wakaguzi wa Magodoro Nyuma ya Msikiti

Redio ya Mama Tamim ilikohoa mara mbili, ikatema habari: mtaalamu mmoja wa makazi amesema watu wanamiminika hapa Mbale kutoka Jinja na kwingineko, na yeyote anayehamia mji mgeni asipange chumba kabla ya kuchunguza vitu vitatu: maji, njia, na majirani wenye adabu.

"Majirani wenye adabu!" Odhiambo akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Huyo mtaalamu mwenyewe anaishi wapi? Mbinguni?"

Odhiambo tunamwita Transit. Ni dereva wa lori kutoka Kisumu. Lori lake limelala gereji ya hapa mjini tangu mwezi wa pili likingoja gia boksi, na yeye amelala kwenye benchi letu akilingoja lori.

Mama Tamim akapunguza sauti ya redio. Jina lake hasa ni Hajara. Baraza ni lake, birika ni lake, na chumba kilichofungwa nyuma ya migongo yetu ni chake pia.

"Nisikilizeni," akasema. "Leo anakuja mtu kutoka Jinja kuangalia chumba. Mtu wa maabara, kahamishiwa kazi huku. Chumba hiki kimekaa tupu miezi mitano, na mnajua kwa sababu ya nani. Asipokichukua, nampa shemeji yangu Jafar kila kitu, chumba na baraza. Ataweka mashine ya kusaga mahindi hapo hapo ulipokalia wewe, Transit."

"Na benchi litaenda wapi, Mama?" nikauliza.

"Liulize lenyewe." Akajifunga mtandio. "Namfuata fundi wa kitasa. Mgeni akifika kabla sijarudi, mtaa huu ni mzuri. Mmesikia?"

"Mzuri!" tukaitikia kama watoto wa darasa la kwanza.

"Afande, nakuachia ulinzi."

Asadu akapiga saluti. Hajavaa magwanda hata siku moja maishani. Babu yake ndiye aliyekuwa askari, na Asadu akamrithi saluti pamoja na buti la kushoto.

Tulikaa kwa adabu kama dakika tatu hivi. Boda ikasimama, akashuka mama mmoja mwenye kandambili na mfuko wa plastiki, akaomba kahawa. Nikammiminia. Akavuta stuli karibu na birika, akatulia. Hakuna aliyemtazama mara ya pili. Mtu wa maabara, kwa jinsi tulivyomchora sisi, angekuja na gari, miwani na mtu wa kumfungulia mlango.

"Huyo wa Jinja ana bahati kuletwa kwetu," akasema Afande. "Fikiria angeangukia Namatala."

Hapo akamkanyaga Wanyera. Wanyera ni Broka: asubuhi anaendesha boda, mchana anawatafutia watu nyumba, na kwake ni huko huko Namatala.

"Namatala iko na shida gani, bwana?"

"Shida hakuna. Mvua ikinyesha sufuria zako zinamtembelea jirani, zinarudi zimeoshwa."

"Manze, aende Nkoma," akasema Transit. "Nkoma ni kati, ni karibu na kila kitu."

"Nkoma!" Broka akapiga paja. "Mimi nilipeleka mteja Nkoma. Akauliza, jikoni iko wapi? Nikamwambia, umesimama ndani yake. Akauliza, na chumba ya kulala? Nikamwambia, bwana, usisogee, umeshafika."

"Basi aende Senior Quarters na wakubwa wenzake," nikasema.

"Wee! Kule ukiita jirani, anaitika mbwa," akasema Transit. "Unaweza kufa Jumatatu, wakakusalimia Ijumaa."

"Nakaloke?" akauliza Broka.

"Nakaloke si mtaa, ni safari," akasema Afande. "Ukitoka kazini jioni, unafika kwako ukiwa umeshachelewa kazi ya kesho."

Yule mama akapuliza kahawa yake. "Na Jinja je, mnaijua?"

"Mama, Jinja naijua kama mfuko wa shati langu," akajibu Transit, akaupandisha mguu juu ya mguu. "Pale mjini kati unaona maghorofa ya zamani, roshani za maua, unasema hapa ndipo. Unapanga. Kumbe juu ya dari kuna popo ambao babu zao waliwaona Wahindi wakipiga lipu. Unakimbilia Wanyange, kando ya ziwa. Wale nzi wadogo wa ziwani wanakuingia mdomoni, unashiba kabla ya kupakua. Mtu akikaa Wanyange mwaka mzima ujue hana hisia."

"Nimekaa Wanyange miaka sita," akasema yule mama.

"Pole sana," akasema Transit bila kutetereka.

"Na hapa Nyuma ya Msikiti je?"

Afande akakumbuka amri. Akakaa wima, akakohoa. "Hapa, mama, ni nusu ya pepo. Maji yapo. Njia ipo. Majirani ndio sisi."

Yangeishia hapo, mashine ya Jafar ingekosa pa kusimama. Lakini Broka alikuwa bado anauguza sufuria za Namatala.

"Maji?" akasema. "Afande, hebu mwogope Mungu kidogo tu! Hiyo bomba inakohoa kushinda redio. Na njia! Pikipiki yangu inapita hapa ikilia. Jogoo wako naye anawika saa nane, saa tisa, saa kumi, kama anauza saa."

"Jogoo wangu umwache!"

"Na majirani?" Transit akajipiga kifua. "Mwambie mama ukweli. Mwambie kuhusu Romano."

Afande akajaribu kununa, akashindwa. Hadithi ya Romano humshinda kila mtu.

Hapa inabidi nikiri desturi yetu. Mpangaji yeyote akihamia mtaa huu, tunaligeuza benchi lielekee njiani, tunaketi mstari mmoja, tunakagua vitu vikishuka kwenye pikapu. Kabati tunaliangalia juujuu. Televisheni mtu anaweza kuazima. Godoro ndilo cheti cha mtu.

"Romano, aliyepanga chumba hiki mara ya mwisho, alikuwa fundi redio," akaanza Afande. "Akashusha godoro lenye ramani. Nikasema, jamani, hilo ni Ziwa Kyoga."

"Ilikuwa Viktoria," akasema Transit. "Tena na visiwa vyake."

"Kyoga!"

"Tulibishana wiki nzima," akasema Broka, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kila akitoka asubuhi tunamuuliza, Romano, maji yamepanda mpaka wapi leo?"

"Akafanya nini?" akauliza yule mama.

"Akahama siku tuliyokwenda mazishini," nikasema. "Ndiyo siku pekee benchi lilikuwa tupu."

Tulikuwa bado tunacheka Mama Tamim alipokata kona na fundi wake. Akatua kikapu, akafungua mikono.

"Aa, Madamu Nakisige! Kumbe umeshafika! Wamekukaribisha vizuri?"

Transit akameza andazi zima bila kulitafuna. Afande alinyanyua mkono apige saluti, ukaganda njiani.

"Wamenikaribisha sana," akasema Nakisige.

Fundi akafungua mlango. Tukasikia hatua za kandambili zikizunguka ndani. Tukasikia bomba likikohoa, tena kwa makusudi. Mama Tamim alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Mimi nilikuwa nimeanza kuisikia mashine ya Jafar ikinguruma chini ya makalio yangu.

Nakisige akatoka. "Mama, nitasema wazi. Mwenye nyumba wangu wa kwanza kule Jinja aliniapia kwamba mtaa wake hauna tatizo hata moja. Wa pili vilevile. Matatizo yote niliyagundua mwenyewe, nimeshika ndoo. Hawa wameniambia bomba, njia na jogoo kabla sijauliza bei. Nakichukua chumba."

Tukaruka! Afande akaimalizia saluti yake. Broka akaanza kueleza kwamba hiyo ndiyo mbinu yake ya siku zote ya kumvuta mteja.

"Ila nina sharti," akasema Nakisige. "Jumamosi nashusha godoro langu. Nataka nikifika, benchi hili lisiwepo."

Mama Tamim hakufikiri hata kidogo. "Linaondoka leo."

"Mama!" Afande akalia. "Mpangaji tumekuletea sisi!"

"Na nimeshukuru. Vikombe viwekeni hapo. Birika linabaki."

Basi tukajikuta njiani, wanaume wanne wazima, tumebeba benchi vichwani, wawili mbele, wawili nyuma.

"Tulipeleke Namatala," akasema Broka.

"Litaelea," akajibu Afande.

"Nkoma?" akauliza Transit.

"Halitaingia," Broka akalipiza.

"Senior Quarters?" nikajaribu.

Mbwa wenyewe tulikuwa tumeshawatukana.

Kwenye kona ya wauza viatu kuna kijiwe kingine, cha Mubaraka na watu wake, ambao hatujawahi kuwasalimia kwa sababu viti vyao ni vya plastiki. Walituona kutoka mbali. Waligeuza viti vyao, kimoja kimoja, vikaelekea njiani, wakaketi mstari mmoja.

"Pitisheni polepole," akasema Mubaraka akifuta miwani. "Mguu wa nyuma umefungwa kwa waya, mmeona?"

"Tumeona, Haji," wakaitikia watu wake.

"Na hilo doa la kahawa hapo katikati?"

"Doa gani?" akadakia mmoja wao. "Tazama vizuri. Hilo ni Ziwa Kyoga."

Transit akasimama ghafla, nusura benchi litutoke vichwani.

"Ni Viktoria!" akafoka kutoka chini ya benchi. "Kwani hamuoni visiwa?"