Miaka Mia na Sabini na Miwili ya Baba Phalahari

Jumanne, 4 Agosti 1987
Mvua. Paa limevuja tena, safari hii juu ya kitanda changu. Basi, imetosha! Seth Bhanwarlal, tajiri wa samli, atamjengea nyumba ya mawe mtakatifu mwenye umri mkubwa kuliko wote hapa Chitrakut, mji wa mahujaji. Vyumba viwili: kimoja cha mtakatifu, kingine cha mtumishi wake. Mtumishi wa Baba Phalahari, yaani Mla Matunda asiyegusa chakula kingine, ni mimi, Trilokinath Dubey. Seth ataamua Jumapili.

Ramsajivan, yule bwege wa ngazi za chini mtoni, anatangaza kwamba Baba wake, mtakatifu anayemtumikia, ana miaka mia na hamsini. Hana hata haya! Wangu nimempa mia na sabini na miwili.

Jumatano, 5 Agosti
Ramsajivan kanizidi kwa jambo moja: Baba wake ameapa kutosema. Huandika umri wake kwenye ubao, kwisha. Wangu anasema, tena husema kweli. Hasara tupu. Nimemwelekeza: akiulizwa umri, ajibu kwamba mwili huzeeka lakini roho haina miaka. Akasema hilo ni kweli kabisa, atalijibu kwa furaha.

Mengine nawaeleza mahujaji mwenyewe. Vita vya 1857 dhidi ya Waingereza vilimkuta mtu mzima, akawanywesha maji farasi. Mjane mmoja akauliza farasi wa upande gani. Wa pande zote, nikamwambia, mtakatifu habagui. Akamgusa Baba miguu huku analia. Watu hawa! Ukiwauzia mto, wataomba na ndoo.

Ijumaa, 7 Agosti
Balaa! Ndevu za Baba bado zina weusi. Nikampaka jivu tangu kidevuni hadi kitovuni. Saa nne, mbele ya mahujaji arobaini, mvua ikamwagika. Jivu likatiririka lote, ndevu zikabaki kama za bwana harusi. Ramsajivan akapiga kelele kutoka ngazi zake: ati hongera, Panditji, Baba wako kapungua miaka mia kwa dakika tano, mvua ikizidi mtafutie wa kumnyonyesha! Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikatangaza muujiza: ujana umerudi! Nusu wakaamini. Nusu yanitosha.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimelala chini ya meza, pakavu. Nimepima kila hatari. Ndugu? Hana. Mtu akiingia utawa hujifanyia matanga yake mwenyewe, kwa ukoo wake amekwisha kufa. Nani atakuja kumdai maiti? Chumba ni changu.

Jumapili, 9 Agosti
Leo ndiyo siku ya dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi. Nilisahau! Seth amefika na shada la maua, amekwisha kuinama, mara bibi mmoja anapenya umati na sahani ya peremende. Anaita Bachchu! Bachchu wangu! Baba, mtawa aliyejizika, akanyoosha mkono upesi kama mtoto aliyeona biskuti. Akafungwa uzi. Akalia machozi ya kweli.

Sikushikwa na bumbuwazi, mimi. Nikamwambia Seth huyu dada naye ana mia na themanini, ukoo mzima umebarikiwa. Bibi akanitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Akamwambia Seth, mwanangu, mimi nina sabini na nne, huyu nilimbeba kiunoni nikiwa na miaka sita, akanikojolea siku ya arusi ya shangazi.

Seth akamgeukia Baba, ana miaka mingapi? Sitini na minane, akajibu, bila kupepesa. Mbona hakusema? Hakuna aliyetaka hesabu, akasema, wote waliridhika na roho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hata mimi, miaka tisa naye, sikuwahi kumuuliza.

Alinichoma. Nilitaka kulia, na si kwa ajili ya paa tu.

Jumatatu, 10 Agosti
Nyumba kapewa Ramsajivan. Baba kaenda kijijini kwa dada yake siku chache, walionekana kituoni wakila puri, mikate ya kukaanga. Mla matunda! Njia ya mwongo ni fupi, wananiimbia watoto wa ngazini.

Waimbe. Kosa langu nimeliona: nilimtegemea mtu mkweli. Kuanzia leo sinyoi. Nina arobaini na mitatu, mgongo unauma, meno mawili hayapo. Mia na thelathini haikosi, na seth mwingine atapita. Kikwazo ni mama tu, anayeuza maua pale pale ngazini na kuniita kwa jina la utotoni kutwa nzima. Nimemsihi aniite babu.